Kinga ya Mtoto Ina Makao Mengi: Kwa Nini Kuna Chanjo ya Sindano na Chanjo ya Matone

Maelezo ya mazungumzo ya afya kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wazazi na walezi



Kampeni ya chanjo ya polio inapopita vijijini, kuna swali ambalo wahamasishaji hulisikia mara kwa mara. Mzazi huonyesha kijitabu cha kliniki, kila chanjo imewekewa tarehe, kisha huuliza: "Mtoto huyu amepata matone, tena amedungwa sindano ya polio. Haya matone mengine ni ya nini?" Swali hilo si ukaidi. Ni swali la mtu anayefuatilia mambo ya mtoto wake, na anastahili kujibiwa kwa sababu, si kwa amri. Akiambiwa tu kwamba ni agizo la serikali, huenda akafunga mlango, na nyuma ya mlango huo kuna mtoto.

Jibu lenyewe liko ndani ya mwili. Watu wengi hufikiri kwamba kinga ni kitu kimoja kilichoenea mwili mzima sawasawa, kama chumvi iliyokolea kwenye mchuzi. Sivyo ilivyo. Kinga ina walinzi wa aina nyingi, na kila aina ina kituo chake cha kazi. Wapo wanaokaa kwenye uboho, wapo wa bandama, wapo wa utumbo na wapo wa mapafu. Mlinzi aliyesimama kwenye geti hawezi kumzuia mwizi anayeingia kwa dirisha la jikoni. Mazungumzo haya yanahusu kundi moja la walinzi hao, liitwalo seli B: zinakaa wapi, zinatofautianaje, na kwa nini makao yake yanamhusu kila mzazi.

Jina lililotoka kwa kuku

Seli B ni sehemu ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake kubwa ni kutengeneza kingamwili, yaani protini ndogo zinazomnata kijidudu, zikamzuia asiingie kwenye seli za mwili, au zikamtia alama ili aliwe na chembe nyingine za kinga.

Herufi B katika jina hilo ilitokana na kuku. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu lake la nyuma, kiitwacho basa ya Fabricius, kwa heshima ya tabibu wa Italia, Hieronymus Fabricius, aliyekieleza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, Bruce Glick, aliwaondolea vifaranga kifuko hicho. Baadaye baadhi ya kuku hao walidungwa vijidudu ili wanafunzi waonyeshwe jinsi kingamwili zinavyotengenezwa. Kuku wengi waliokosa kifuko hawakutengeneza kingamwili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1956 katika jarida la wafugaji wa kuku, na madaktari wa binadamu hawakuyatilia maanani mpaka miaka ya 1960.

Wafugaji wa hapa nchini wanakifahamu kifuko hicho kwa njia nyingine, hata kama hawajawahi kukiona. Ugonjwa wa Gumboro hushambulia hapo hapo. Kirusi chake huharibu seli B zilizomo ndani ya kifuko cha kifaranga. Kifaranga akipona, anaweza kuonekana mzima: anakula, anatembea, ana manyoya. Lakini chanjo nyingine atakazopewa baadaye, ikiwemo ya kideri, huenda zisimshike vizuri. Hilo ndilo somo la kwanza. Mahali kinga inapokaa pakiharibiwa, kinga hupungua hata kama mwili uliobaki hauna kasoro.

Binadamu hana kifuko hicho. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, seli B zake za kwanza hutengenezwa kwenye ini. Baadaye kazi hiyo huhamia kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, na huendelea hapo maisha yote.

Damu ni barabara, si nyumbani

Seli B mpya hutoka kwenye uboho zikiwa bado changa. Nyingi hupitia kwenye bandama kukomaa, kisha hutawanyika. Kwa kuwa husafiri kwa damu, mtu anaweza kudhani kwamba damu ndiyo makao yake. Ukweli ni kwamba wakati wowote ule, ni takriban 2 tu kati ya kila 100 za chembe za kundi hili zinazopatikana kwenye damu. Zilizobaki ziko kwenye tezi, bandama, utumbo, uboho na viungo vingine.

Kwa hiyo kupima kinga kwa damu peke yake ni kama kuhesabu wakazi wa mji kwa kusimama kwenye steji ya matatu. Utawaona wasafiri. Hutawaona walio shambani, walio dukani, wala wazee wasiotoka nyumbani.

Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha ramani ya seli hizi. Walitumia viungo vya watu 6 waliofariki, ambavyo vilikuwa vimetolewa kwa hiari. Seli B moja ikishazaana, uzao wake wote huwa na alama moja ya ukoo, na alama hiyo inaweza kusomwa. Watafiti walisoma koo zaidi ya 930,000 katika sehemu 8 za mwili. Waligundua kwamba koo kubwa zimegawanyika katika mitandao miwili. Mmoja unapatikana kwenye damu, uboho, bandama na mapafu. Wa pili unapatikana katika utumbo, na huko ndiko unakobaki. Ni kama kaunti mbili jirani: zina barabara baina yao, lakini kila moja ina wakazi wake.

Tezi: mahali pa mafunzo

Mtu akijikata mguuni shambani na kidonda kikaoza, baada ya siku chache huota uvimbe kwenye kinena. Wazee huuita mtoki. Mtoki si ugonjwa uliopanda kutoka mguuni. Ni tezi ya limfu iliyovimba kwa sababu kazi inaendelea ndani yake. Tezi kama hizo zipo pia shingoni, kwapani, kifuani na tumboni. Mafindofindo ya kooni nayo ni ya jamii hiyo.

Katika tezi hukaa seli B zinazofanya kazi kwa subira. Kijidudu au chanjo ikifika, chache zinazolingana nayo huchaguliwa, huzaana, na hubadilika kidogo kila zinapozaana. Zile zinazokinasa kijidudu vizuri zaidi hubaki, na zisizoweza hufa. Ni mtihani wa kuchuja. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi, na ndiyo sababu mtu aliyechanjwa leo hawezi kusema kesho kwamba amekingwa. Mwisho wa mafunzo hutoka makundi mawili. Kuna seli za kumbukumbu, zinazosubiri kijidudu kirudi, na kuna seli za plazima, ambazo ni viwanda vya kingamwili.

Uboho: wazee wa kazi

Baadhi ya seli za plazima hurudi kwenye uboho, ambako seli B nyingi zilianzia, na kukaa huko miaka mingi zikitoa kingamwili kwenye damu bila kupumzika. Hii ndiyo sababu mtu aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haugui tena.

Ushahidi wa zamani ulitoka visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Surua ilifika huko mwaka 1781, kisha haikuonekana kwa miaka 65. Iliporudi mwaka 1846, watu zaidi ya 6,000 waliugua kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludvig Panum, alitumwa huko, akakuta kwamba wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuugua tena. Kinga yao ilikuwa imedumu miaka 65 bila kukutana na ugonjwa.

Si kila kinga hudumu hivyo. Ile ya pepopunda hushuka polepole, ndiyo maana wajawazito huchanjwa na watu huongezewa dozi. Kingamwili za damu za mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, zaidi katika miezi 3 ya mwisho. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ya mamake. Akiba hiyo huisha baada ya miezi kadhaa, na ikiwa bado nyingi inaweza kuizuia chanjo ya surua isishike vizuri. Ndiyo sababu chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha akiwa na miezi 18. Mzazi anayeruka dozi ya pili kwa kudhani kwamba ya kwanza inatosha humwacha mtoto kwenye bahati nasibu.

Bandama: mlinzi wa damu

Bandama, ambalo wengine huliita wengu, liko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Damu hupita humo kama maji yanavyopita kwenye chujio. Pembezoni mwa chujio hilo hukaa seli B za aina yake. Hizi hazisubiri mafunzo ya wiki mbili. Zikiona bakteria kwenye damu hujibu haraka, hasa wale wenye ganda la sukari, kama nimokoka wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Jibu lao si kali kama lile la tezi, lakini bakteria anayezaana kwenye damu hasubiri wiki mbili. Anaweza kuua kwa siku moja.

Umuhimu wa bandama ulianza kueleweka mwaka 1952, madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walipoeleza habari za watoto wachanga 5 waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu, kisha wakapatwa na maambukizi makali.

Hapa nchini, hasa maeneo ya Pwani, Nyanza na Magharibi, kuna watoto wengi wanaopoteza kazi ya bandama bila kupasuliwa. Hao ni watoto wenye selimundu. Chembe zao nyekundu za damu hukunjika kama mundu na kuziba mishipa midogo ya bandama. Sehemu kwa sehemu, bandama hufa katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto anaweza kuonekana mchangamfu, lakini mlinzi wa damu yake hayupo tena kazini.

Utafiti uliofanyika Kilifi na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha ukubwa wa hatari hiyo. Watoto wenye selimundu walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 20, wakilinganishwa na watoto wengine, wa kupatikana na bakteria kwenye damu. Aliyeongoza miongoni mwa bakteria hao alikuwa nimokoka. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoka kwa watoto wachanga mwaka 2011.

Chanjo hiyo ina siri inayohusiana na makao. Seli za pembezoni mwa bandama hazijakomaa vizuri kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Chanjo ya zamani ya nimokoka, iliyotengenezwa kwa ganda la sukari peke yake, haikuwasaidia watoto wa umri huo. Wanasayansi walilifunga ganda hilo pamoja na protini, na kwa njia hiyo kazi ikahamishiwa kwenye tezi, ambako mtoto mchanga tayari ana uwezo. Ugonjwa ni ule ule, ila mwalimu na darasa vimebadilishwa.

Kinga ya pili kwa mtoto mwenye selimundu ni penisilini ya kila siku. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa ilipunguza maambukizi ya nimokoka kwa watoto hao kwa asilimia 84. Dawa hiyo inafanya kazi ambayo bandama haliwezi tena. Mzazi akiona mtoto hana homa na kuamua kupumzisha dawa, ni kama amemfukuza askari kwa sababu usiku huo hakukuwa na mwizi.

Na la tatu, ambalo kila mhamasishaji anapaswa kulisema mpaka likaririwe: homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura. Si ya kusubiri asubuhi. Si ya kununuliwa dawa ya homa dukani na kuona kesho itakuwaje. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mhudumu aambiwe mara moja kwamba mtoto ana selimundu.

Utumbo: kambi kubwa kuliko zote

Kama kuna mahali palipo na seli nyingi za kutengeneza kingamwili kuliko kwingine, ni utumbo. Inakadiriwa kwamba seli 8 kati ya 10 za aina hiyo mwilini ziko kwenye utando wa utumbo. Haishangazi, kwa kuwa utumbo hupokea chakula, maji, uchafu wa mikono na bakteria wasiohesabika kila siku. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna vibaka vidogo vinavyofanya kazi ya tezi, vilivyoelezwa na Johann Conrad Peyer wa Uswisi mwaka 1677. Humo seli B hufunzwa kutengeneza kingamwili ya aina iitwayo IgA. Hiyo si ya kukaa kwenye damu. Husukumwa nje, kwenye ute unaofunika utumbo, ikamnase kijidudu kabla hajagusa ukuta.

Seli iliyofunzwa kwenye utumbo hujuaje kurudi kwenye utumbo? Hupewa anwani. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya anwani hiyo huandikwa kwa kutumia vitamini A. Chembe za utumbo huibadilisha vitamini hiyo kuwa ishara inayoiambia seli B: makao yako ni hapa, na kingamwili yako iwe IgA. Hivyo tone la vitamini A ambalo mtoto hupewa kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi afikishe miaka 5, si la macho peke yake. Sukuma wiki, mchicha, karoti, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa hufanya kazi hiyo hiyo mezani.

Kuna safari nyingine ya ajabu. Mama anapokaribia kujifungua na anaponyonyesha, baadhi ya seli zilizofunzwa kwenye utumbo wake husafiri kwa damu na kuweka kambi kwenye matiti. Huko hutoa IgA ndani ya maziwa. Kwa hiyo maziwa ya mama hubeba kingamwili za vijidudu ambavyo mama mwenyewe amekutana navyo, kwenye maji anayokunywa, chakula anachokula na nyumba anayoishi. Hivyo ndivyo vijidudu ambavyo mtoto wake naye atakutana navyo. Hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kujua ni maji ya kisima gani yanayotumika nyumbani. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yana IgA nyingi zaidi. Kuyakamua na kuyamwaga kwa kudhani kwamba ni machafu ni kumnyima mtoto chanjo yake ya kwanza. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Mama anayeishi na HIV aendelee na dawa zake na afuate ushauri wa kliniki kuhusu kunyonyesha.

Polio: matone na sindano

Sasa lile swali la mlangoni linaweza kujibiwa.

Kirusi cha polio huingia kwa mdomo, huzaana kwenye utumbo, na hutoka kwa kinyesi. Mara chache hupenya kwenye damu, kikafika kwenye mishipa ya fahamu na kumpoozesha mtoto. Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti. Moja ni kukizuia damuni kisifike kwenye mishipa ya fahamu. Nyingine ni kukizuia kwenye utumbo kisizaane na kumfikia mtoto wa jirani.

Sindano hufunza tezi zilizo karibu na mahali ilipodungwa. Matokeo yake ni kingamwili nyingi za damu, zinazomlinda mtoto mwenyewe asipooze. Lakini mtoto ambaye hajawahi kupata matone, akidungwa sindano peke yake, hapati ulinzi wa kutosha kwenye utumbo. Matone hupita njia ile ile anayopita kirusi, nayo hufunza seli B za utumbo wenyewe.

Tofauti hiyo ilionekana wazi nchini Israel mwaka 2013. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo ilikuwa ikitumia sindano peke yake, na watoto zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wamechanjwa. Hata hivyo kirusi cha polio kilipatikana kwenye maji taka ya mji wa Rahat na miji mingine ya kusini. Hakuna mtoto aliyepooza, kwa sababu damu zao zilikuwa na kinga. Lakini kirusi kilikuwa kikipita kimya kimya kutoka utumbo hadi utumbo. Serikali ya huko ililazimika kurudisha matone mwezi Agosti mwaka huo huo.

Mwaka huo huo Kenya nayo ilikuwa na yake. Kirusi cha polio kiliingia na kuonekana katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, na wagonjwa 14 walithibitishwa nchini. Mwezi Desemba 2013, watoto wa kambi hizo na wa vijiji vya karibu walipewa matone na sindano kwa pamoja katika kampeni moja. Sababu yake ilithibitishwa na utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2014: mtoto ambaye amewahi kupata matone, akidungwa sindano, kinga yake ya utumbo huamka upya. Matone hupanda mbegu mahali pake, na sindano huitilia maji. Hakuna inayoifanya nyingine kuwa ya bure.

Ratiba ya kliniki hufuata mantiki hiyo. Mtoto hupewa matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na katika wiki ya 14 hudungwa pia sindano ya polio. Kampeni huja juu ya hapo kwa sababu mbili. Kwanza, si kila tone hushika, hasa kwa mtoto anayeharisha au mwenye vijidudu vingine tumboni. Pili, tangu Aprili 2016 matone ya kliniki hayana aina ya pili ya kirusi, na kampeni nyingine hulenga aina hiyo hasa. Kwa hiyo mhamasishaji anaweza kumjibu mzazi hivi: "Kijitabu chako kiko sawa, mama, na hukukosea popote. Sindano imelinda miguu ya mtoto wako. Matone yanalinda tumbo lake, na pia mtoto wa jirani anayecheza naye." Mzazi akiwa na shaka zaidi, aelekezwe kwa muuguzi wa zahanati, na asibishanwe naye mbele ya majirani.

Chanjo ya rota, inayozuia kuhara kukali na iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, nayo hutolewa kwa mdomo kwa sababu hiyo hiyo. Adui ni wa utumbo, na mafunzo hutolewa kwenye utumbo.

Pua na mapafu

Njia ya hewa nayo ina walinzi wake. Utafiti kwa panya, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba baada ya kuugua homa ya mafua, baadhi ya seli B za kumbukumbu hubaki ndani ya mapafu na hazirudi kwenye damu. Kirusi kikirudi, hizo ndizo za kwanza kutoa kingamwili, papo hapo.

Hilo linasaidia kueleza jambo lililowasumbua watu wengi wakati wa korona. Mtu alichanjwa begani, na baadaye akapata mafua ya korona. Jirani akasema: chanjo haifanyi kazi. Sindano ya begani huijaza damu kingamwili, nazo hulinda mapafu kwa ndani na kupunguza hatari ya kulazwa na ya kufa. Lakini walinzi wa puani hawaongezeki sana kwa sindano hiyo. Kupata mafua kisha kupona ukiwa nyumbani si dalili kwamba chanjo imeshindwa. Wanasayansi wanaendelea kutafuta chanjo za kupulizwa puani ili mlango huo nao ufungwe.

Ya kuzingatia

Kutokana na yote hayo, wazazi na wahamasishaji wanaombwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, kila chanjo ipitie njia yake na wakati wake. Ya mdomo haiwezi kubadilishwa na ya sindano, wala ya sindano kubadilishwa na ya mdomo. Mtoto aliyechelewa apelekwe hata hivyo, kwa maana muuguzi atampangia ratiba mpya.

Pili, mama mjamzito ahudhurie kliniki na kupata chanjo ya pepopunda, kwa sababu damu yake ndiyo akiba ya mtoto.

Tatu, maziwa ya kwanza yasimwagwe, na vitamini A isirukwe.

Nne, familia yenye historia ya selimundu imwombee mtoto kipimo mapema, wala isisubiri maumivu yaanze. Mtoto akipatikana nayo, apate chanjo zote, anywe penisilini kila siku kama alivyoandikiwa, na homa yake ichukuliwe kuwa dharura wakati wote.

Tano, yeyote aliyetolewa bandama, kwa ajali au kwa ugonjwa, amweleze kila daktari anayemtibu, aulizie chanjo za ziada, na akipata homa aende hospitali bila kuchelewa.

Kila wadi ina wahamasishaji wake, na kila mhamasishaji anazijua nyumba zake. Mwenye kumjua mtoto wa selimundu asiyepata dawa, au mtoto aliyeruka chanjo, amfikishie mhamasishaji habari hiyo leo. Huduma za chanjo katika vituo vya afya vya umma ni za bure.